Picha ya Kukhu, Upande wa Chakula

Leo asubuhi fundi alifungua mkebe wa rangi sebuleni kwa Kukhu, nami nikatoka mbio kwenda kusimama kando ya zizi. Binamu zangu walitazamana wakidhani nimeenda kulia. Haya, nililia kidogo, sikatai. Kukhu ndiye nyanya yangu aliyenilea, na juzi ametuacha. Lakini kilichonitoa mle ndani ni harufu. Rangi nyeupe ya ukutani, ile inayochanganywa na maji, ina harufu inayokwama kooni kama vumbi la chaki, na nikiinusa tu mimi si mama wa mtu tena. Nakuwa mtoto wa shule ya msingi mwenye sweta lililolegea mikono, nimesimama katika ukumbi wa maonyesho wa chuo kimoja huko Kitale, na ninajua jambo ambalo watu wazima wote wamenificha.

Kwetu Misikhu, mtu mzima akifariki, nyumba hupakwa rangi kabla wageni hawajafika. Hata kama paa linavuja na kiti kina miguu mitatu, ukuta lazima ung'ae. Nililijua hilo tangu tulipomzika Kuka, yaani babu yangu. Fundi alikuja akapaka. Kisha baba yangu mdogo akaenda Bungoma mjini na picha ndogo ya kitambulisho, akarudi na Kuka mkubwa ndani ya fremu, amekunja uso kama mtu aliyeulizwa swali na chifu. Picha hiyo nilipewa mimi, mjukuu, niibebe mbele ya jeneza. "Shika kwa mikono miwili," waliniambia, "uso wake utazame watu. Ole wako uielekeze chini." Nje kulikuwa na tenti, viti vya plastiki, kipaza sauti, kwaya, na meza yenye kitabu ambacho kila mgeni alisaini. Hakuna aliyekaa chini akanifundisha, lakini mtoto hujifundisha mwenyewe. Nilijua kwamba rangi, picha kubwa, tenti na kitabu vikikutana, mtu amekwenda.

Baada ya Kuka, tulibaki mimi na Kukhu. Tuliishi vizuri sana, bana. Nilimchotea maji, naye alinipikia ndizi na kunisimulia ubaya wa majirani. Halafu akaanza kumwaga chai kando ya kikombe. Akawa ananiita kwa majina ya binamu zangu. Siku moja alimkaripia mbuzi kwa muda mrefu akidhani ni mimi, na mbuzi akamsikiliza vizuri kuliko ambavyo ningemsikiliza. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu. Watu wazima hawakucheka. Wakanong'onezana, na shule ilipofungwa nikaambiwa nifunge nguo zangu, nitasomea Kitale kwa Senje.

Senje ndivyo tunavyomwita shangazi. Huyu wangu alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, amepanga nyumba mtaa wa Kibomet, na alifundisha uchoraji chuoni. Nilipomuuliza Kukhu ataishi na nani, akasema, "Kukhu yuko sawa." Nilipouliza kesho yake, akasema vilevile. Mtu akiwa sawa kweli, watu husimulia amekula nini na amemgombeza nani. Jibu lile fupi halikunitosha.

Kila jioni nikitoka shuleni nilimfuata Senje kazini. Ukumbi wa maonyesho, ambao wanafunzi waliuita galari kwa madaha, zamani ulikuwa stoo ya mahindi ya chuo. Mvua ikinyesha, sakafu ilitoa harufu ya mahindi, na kwenye nyufa ungeweza kuchokoa punje kwa njiti. Nilipapenda mahali pale kabla sijajua ni pa nini. Wiki hizi unakuta vyungu, baada ya muda vyungu vimehama na kuna vitambaa vya batiki, tena unakuta ndege waliotengenezwa kwa minyororo na spoki za baiskeli kuukuu. Nyumba ambayo kila ukiizoea inabadilika! Kwetu picha ikishatundikwa haishuki hadi msumari uoze.

Maonyesho ya vyungu niliyapitia yote nikichungulia ndani, kisha nikamuuliza Senje chakula kiko wapi. Mwanafunzi mmoja alitundika magunia darini, ameyatoboa matundu ili mwanga wa taa upite. Nilimpa pole kwa dhati. "Panya wamekumaliza," nikamwambia. Alicheka hadi akaketi sakafuni, na tangu siku hiyo kila mwanafunzi aliyemaliza kazi yake alikuja kuniuliza naona nini.

Siku ya kubadilisha ndiyo ilikuwa siku yangu. Senje alishusha kila kitu, akang'oa misumari yote kwa nyundo, nami nikaziba matundu kwa kidole gumba na plasta laini. Kisha tukasugua kwa msasa, kisha rangi nyeupe juu yake. Rangi ilitolewa bure na Mzee Harbans, Kalasinga mwenye duka la rangi mjini, mzee wa kilemba cha samawati aliyewasalimia watu "Mulembe" kuliko Wabukusu wenyewe. Senje alikuwa mkali juu ya misumari. "Hata mmoja usibaki," alikuwa akisema. "Mgeni mpya asikute nyayo za mgeni wa jana."

Mtauliza kama harufu ile ya rangi haikunitisha. Haikunitisha, kwa sababu rangi peke yake si msiba. Hata darasa hupakwa rangi. Na chungu hakina jeneza.

Muhula ule Senje alianza safari za Jumamosi. Aliniacha kwa jirani, akaenda Bungoma, akarudi jioni macho mekundu na vidole vyeusi hadi kwenye kucha. "Ulikuwa wapi, Senje?" "Kazini." Simu alizipokea barazani, akizungumza Lubukusu kwa sauti ya chini, ati mimi sitasikia. Mimi niliyelelewa na Kukhu! Nilisikia vizuri sana akisema, "Mtoto asijue kwanza." Usiku ule nililala nimefumba macho tu.

Basi ikafika Ijumaa. Nilitoka shuleni nikiwa na njaa yangu ya kawaida, nikapinda kona ya maktaba ya chuo, na miguu ikasimama yenyewe. Kwenye nyasi mbele ya ukumbi, vijana walikuwa wanasimamisha tenti. Viti vya plastiki vilikuwa vinashushwa kutoka kwa pikapu. Kijana mmoja alikuwa akigonga kipaza sauti, kwaya ya chuo ikijaribu sauti upande wa pili. Mlangoni kulikuwa na meza ya kitambaa cheupe, na juu ya meza kitabu kikubwa kilichofunguliwa, kalamu imelazwa katikati. Na harufu ya rangi mbichi ilikuwa imejaa kote.

Niliingia. Kuta zote zilikuwa na nyuso za watu. Sikuwajua, nikajisemea moyoni, kumbe watu wa Kitale nao wamefiwa hivi. Kisha nikatazama ukuta wa mwisho.

Kukhu alikuwa pale, mkubwa, urefu wake unafika nusu ya mlango. Amechorwa kwa makaa kwenye karatasi nyeupe, kitambaa chake kichwani, ile mikunjo miwili kando ya mdomo inayojitokeza akitaka kumsema mtu. Alinitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Senje alikuwa juu ya ngazi akinyoosha pembe ya picha, na kwa mkono mwingine anajifuta machozi.

 Sikupiga kelele, nawashangaa hata sasa wanaodhani mtoto akiumia lazima apige kelele. Nilielewa kila kitu kwa mpigo: Jumamosi zile, simu za barazani, "yuko sawa." Kukhu amekufa, wamemficha, na kesho wageni watakuja, watasaini, wataimba, halafu mtu atasema mjukuu yuko wapi, abebe picha.

Nikaapa sibebi. Picha isipobebwa, mazishi hayaendi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria niliyoijua, na niliishikilia.

Kesho yake Senje alinivalisha gauni jipya la manjano. Nililivua. Akanivalisha tena, akiwa na haraka, hata hakuniangalia usoni. Tulipofika ukumbini nilifanya mambo mawili. La kwanza, niliichukua kalamu ya kitabu cha wageni nikaificha ndani ya sweta, kwa sababu mgeni asiposaini hajaja. La pili, nikaenda kusimama mbele ya Kukhu, mgongo kwake, uso kwa watu, mikono nimeinyoosha pande zote.

Watu waliingia na soda zao na mandazi yao. Walisema "ooh" mbele ya nyuso nyingine, wakifika kwangu wakasita. Mama mmoja alijaribu kunisogeza taratibu. Nikamng'ata kwa macho, akarudi nyuma. Mlangoni walikuwa wakilalamika kalamu imeenda wapi. Mikono ilikuwa imeanza kuniuma, lakini sikuishusha.

Mzee Harbans ndiye aliyekuja akachuchumaa mbele yangu, magoti yakilia.

"Mulembe, askari," akasema. "Nani amekuweka lindo hapa?"

"Hamtamzika," nikasema.

"Tumzike nani?"

"Kukhu."

Aliitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama picha tena. Hakucheka, Mungu ambariki. Aliinuka akaita kwa sauti iliyonyamazisha kwaya: "Mwalimu! Mwalimu, njoo hapa haraka. Huku kuna matanga na hatukuambiwa."

Senje akaja akipangusa vidole kwenye sketi. Akapiga magoti. "Nani amekuambia Kukhu amekufa?"

"Hakuna aliyeniambia," nikasema, na hapo ndipo machozi yakanitoka. "Nyinyi hamsemi kitu. Lakini si mmepaka rangi? Si mmemweka picha kubwa? Kuna tenti, kuna kwaya, watu wanasaini kitabu. Mimi nilimbeba Kuka, najua. Huyu sibebi!"

Senje aliinua kichwa. Aligeuka polepole. Akaona tenti, akaona viti, akaona meza yenye kitambaa cheupe, mkuu wa chuo akiwa ameshika karatasi ya hotuba. Aliona msiba mzima ambao alikuwa ameuandaa kwa mikono yake bila kujua.

"Uwi, mama yangu," akasema, akanivuta kifuani. "Kukhu yuko hai. Yuko njiani anakuja. Alikuwa hospitali Bungoma, macho, wamemtoa mtoto wa jicho. Hatukujua kama itawezekana, ndiyo maana sikukuambia."

"Uongo."

"Ni kweli."

"Kwa nini basi ni mkubwa hivyo?"

Senje aliinua macho kwenye picha. "Nilimchora kule wodini, Jumamosi baada ya Jumamosi, akisubiri kupasuliwa. Daktari alisema huenda asione vizuri tena, labda vitu vikubwa tu. Nikasema basi nitamchora mkubwa. Hata jicho likikataa, asijikose."

Ningependa kusema nilimwamini papo hapo. Sikumwamini. Watu wazima walikuwa wametumia maneno yao yote tayari. Nilijinasua nikarudi kwenye lindo langu, nikasema nitaondoka nikimwona kwa macho yangu. Senje hakunilazimisha. Mkuu wa chuo alisoma hotuba yake, watu wakapiga makofi, wakamtazama Kukhu kwa juu ya kichwa changu, na Mzee Harbans akavuta kiti akaketi pembeni yangu. Mandazi aliyonipa sikuyala. Kila gari lililoingia langoni nilinyoosha shingo, na kila lililokuwa la mtu mwingine niliinyoosha mikono upya.

Halafu nikasikia mtu anagomba mlangoni.

"Niacheni! Kwani mimi ni kuku wa kushikwa mbawa? Naona. Naona kweri."

Dunia nzima ina mtu mmoja tu anayesema "kweri" namna hiyo. Mikono yangu ilianguka yenyewe. Alikuwa ameziba jicho moja kwa bandeji, amevaa viatu vya kanisani, anamsukuma baba mdogo aliyetaka kumshika kiwiko. Alisimama katikati ya ukumbi, akageuza kichwa kama kuku anayetafuta punje, na lile jicho moja likanipata.

"Wewe," akasema, akataja jina langu. Jina langu mwenyewe, si la binamu, si la mbuzi. "Mbona umekonda?"

Sikumbuki nilivuka vipi ule ukumbi. Ninachokumbuka ni kwamba nilimgonga tumboni kwa kichwa, karibu nimwangushe, na kwamba alinukia dawa ya hospitali, na chini ya dawa, moshi wa jikoni kwetu. Nilimshika nguo hata walipojaribu kunibandua. Akaniambia nimwache apumue, kisha akanishika mkono yeye mwenyewe, akaenda hadi kwenye picha.

Alisogea karibu, akaukagua uso ule kwa lile jicho moja. 

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mama," Senje akasema. 

"Mbona nimezeeka hivi na hakuna mtu ameniambia?"

Watu walicheka, na Senje akacheka na kulia kwa pamoja. Kukhu akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba kwenye shavu la picha, akalipapasa. Makaa yakasambaa. Wanafunzi waliokuwa nyuma wakashtuka, "Usiguse!" kwa maana kibao kiliandikwa hivyo hivyo pale ukutani.

"Uso ni wangu," Kukhu akawajibu bila kugeuka. "Nikiugusa, nani ataniuliza?"

Senje hakuirekebisha ile alama, si siku ile wala baadaye. Ilibaki shavuni, kivuli kidogo cha mviringo.

Walipomsimulia juu ya lindo langu, Kukhu alicheka hadi bandeji ikalowa. Aliomba kalamu asaini kitabu, nami ikabidi niitoe ndani ya sweta mbele ya kadamnasi. Kisha akaketi, akanivuta katikati ya magoti yake, na kicheko kikaisha.

"Sikiza," akasema. "Ulifanya vizuri kuuliza kwa mikono, kwa vile mdomo ulinyimwa jibu. Lakini siku yangu itafika. Ikifika, hii picha utabeba wewe. Umesikia? Usimwachie mtu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Lakini si leo. Leo nitafutie soda ya machungwa."

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia.

Maonyesho yale yalipokwisha, Senje aling'oa misumari yote kama kawaida yake, tukaziba matundu, tukapaka. Mzee Harbans alikata kioo na kutengeneza fremu, na picha ikaja Misikhu. Baba mdogo alitaka kuitundika kando ya Kuka, kwenye ukuta unaotazama mlango. Kukhu alikataa katakata. "Huko ni kwa waliokwisha kula," akasema. "Mimi niwekeni upande wa chakula." Ikatundikwa juu ya meza. Miaka yote hiyo alikunywa chai chini ya uso wake mwenyewe, chai ndani ya kikombe, na kadiri alivyozidi kuzeeka aliwaonyesha wageni na kusema, "Yule ni mimi nikiwa msichana."

Sasa tuko hapa. Niliporudi kutoka kule zizini, nilikuta binamu zangu wanajadili picha ya mazishi. Wana picha nzuri ya rangi kwenye simu, ya arusi fulani, mtu akaikuze mjini. Ile ya makaa, wanasema, ni nzito, mtoto hawezi kuibeba.

"Haibebwi na mtoto," nikasema. "Inabebwa na mjukuu. Na mjukuu ni mimi."

Walinitazama, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, wakairudisha simu mfukoni.

Senje alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, fimbo kati ya magoti. Siku hizi hafundishi tena, na jana amelia hadi sauti imekauka. Nilipanda kwenye kiti nikaishusha picha. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe kuliko kwingine kote, umbo la mlango mdogo, na msumari juu yake.

"Mama, hapa napo nipake?" fundi akauliza. "Na huu msumari, si niutoe tu?"

Sote tuligeuka kumtazama Senje, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha msumari ukutani.

"Paka," akasema. "Msumari uache. Atarudi hapo baada ya mazishi."

Fundi akapaka akiuzunguka msumari kwa uangalifu. Mimi nilisimama katikati ya sebule nimeshika fremu kwa mikono miwili, uso umetazama watu, kile kivuli cha kidole kiko shavuni palepale. Ni nzito kweli, hawakudanganya. Binti yangu, mwenye umri ule niliokuwa nao mimi, alinijia akashika pembe ya chini.

"Mama, utachoka. Si nikusaidie?"

"Hii nimekatazwa kumwachia mtu," nikamwambia. "Wewe nitafutie soda ya machungwa."